Nani anamwokoa nani? Mwito wa injili Rusinga baada ya Shakahola na Opapo

UKIVUKA daraja la Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga Jumamosi asubuhi, utapishana na familia zilizovalia nguo za ibada, watoto wakiwa mbele na akina mama nyuma, Biblia na vitabu vya nyimbo mikononi. Hao ni Waadventista wa Sabato. Rudi kesho yake na njia itakuwa ile ile, ila waumini ni wengine: Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekosti wa majina mengi, na wafuasi wa Legio Maria walio na kanzu na rozari zao. Jioni, wavuvi wa omena wanapoandaa mashua na taa zao, si ajabu kumkuta mhubiri ufuoni akiwaita waliosalia nchi kavu waokoke.

Kwa wakazi wa hapa, kuambiwa kwamba nafsi yako imo hatarini na kwamba kuna mtu aliyetumwa kukuonyesha njia ni jambo lililozoeleka tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni swali wanalojiuliza baada ya yaliyotokea Opapo, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka kisiwani. Je, huyu anayebisha mlangoni amekuja kuniita au kunichukua?

Mnamo Aprili 21, 2025, polisi walivamia kanisa moja eneo la Opapo, Rongo, katika Kaunti ya Migori. Waliwatoa watu 57 waliokuwa wakiishi ndani ya ua wa kanisa hilo. Humo humo kulikuwa na miili miwili iliyozikwa, mmoja ukiwa wa afisa wa usalama aliyekuwa mfuasi. Waumini walipofikishwa katika kituo cha polisi cha Rongo, waliendelea kuimba na kusali kana kwamba hakuna lililobadilika isipokuwa kuta.

Sisi tunaoketi kwenye meza ya uhariri tunajua kwamba neno moja likikaa vibaya katika kichwa cha habari, barua za wasomaji hazikomi wiki nzima. Neno lililotutatiza siku zile ni "kuokoa". Polisi waliwaokoa watu 57. Lakini watu hao walikuwa wameingia mle kwa sababu walimwamini mtu mwingine aliyewaahidi wokovu. Waliokolewa kutoka kwa waliodai kuwaokoa, na baadhi yao hawakuona kwamba walihitaji kuokolewa na polisi.

Kiswahili kina tofauti ambayo aghalabu tunaisahau. Anayeokolewa ana mtu aliyemwokoa. Anayeokoka hamtaji yeyote. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililochipuka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka 1937, walilifanya neno "kuokoka" kuwa kitambulisho chao. Hadi leo mtu anayekuuliza "umeokoka?" haulizi ni kanisa gani lililokufanyia kazi hiyo. Anakuuliza habari zako wewe na Mungu wako. Mhubiri anaweza kusimama kando, akashuhudia, akaombea, lakini hatua ni ya mwenye nafsi.

Tofauti hiyo ndiyo ninayodhani imepotea katika mjadala wetu wa kitaifa kuhusu makanisa, na Rusinga ni mahali pazuri pa kuitafuta.

Tuanze na haki ya anayehubiri. Kwa Mkristo, kuwapelekea wengine habari njema si pambo la dini. Ni agizo lililofunga Injili ya Mathayo. Ukiamini kwa dhati kwamba jirani yako anazama, kunyamaza si adabu bali ni ukatili, na watu wanaoishi kando ya Ziwa Victoria hawahitaji kufafanuliwa maana ya kuzama. Katiba yetu ya 2010 imelitambua hilo. Kifungu cha 32 kinamruhusu kila mtu kudhihirisha imani yake kwa ibada, mafundisho na desturi, peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani. Kifungu hicho hicho kinamaliza kwa kupiga marufuku kumlazimisha mtu kutenda au kushiriki tendo lililo kinyume na imani yake. Haki ya kuita na haki ya kukataa mwito zimewekwa chini ya paa moja.

Historia ya upande huu wa ziwa ni historia ya haki hizo mbili zikisukumana. Wamisionari wa Kiadventista wakiongozwa na Arthur Carscallen walipiga kambi Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Walileta mahubiri, kisha shule, kisha mtambo wa kuchapisha vitabu. Mapadri wa Mill Hill nao walifungua vituo vyao Nyanza Kusini, Asumbi kikiwa mojawapo ya vilivyovuma. Kila mmoja aligundua upesi kwamba mtu mzima huja kusikiliza akipenda, lakini mtoto akishaingia darasani, nusu ya kazi imekwisha.

Abasuba wa Rusinga na Mfangano walilipa bei yao. Wao si Waluo kwa asili. Mababu zao walivuka maji kutoka upande wa Uganda, na lugha yao ni ya Kibantu. Injili na shule ziliwafikia kwa Dholuo. Mtoto alisali kwa lugha ya jirani, akasoma kwa lugha ya jirani, na kizazi baada ya kizazi lugha ya nyanya yake ikabaki ya wazee. Si misheni peke yake iliyosababisha hayo, kwani ndoa na biashara zilikuwa zimeanza kazi hiyo mapema. Hata hivyo, Agano Jipya kwa lugha ya Suba limetoka karne hii tu, wakati ambapo wengi wa wanaoweza kulisoma wanaelewa lile la Dholuo vizuri zaidi.

Upo pia upande wa pili. Pale Kasawanga kisiwani ndipo lilipo kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Mboya alisomea shule za Wakatoliki kuanzia Ukambani hadi Yala na Mang'u. Walimu wake bila shaka walitarajia muumini mwema, na walimpata. Lakini alichukua elimu ile akaenda nayo kwenye vyama vya wafanyakazi, kwenye siasa za uhuru na kwenye mpango wa ndege za wanafunzi kwenda Marekani mwaka 1959. Misheni ilimfundisha, haikummiliki. Hilo ni jambo dogo kulisema lakini kubwa ukilipima na ya Opapo.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni Legio Maria, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu wengi wanaoitazama kama kituko hawajui ilikotoka. Mwaka 1921, mlei mmoja wa Dublin, Frank Duff, alianzisha chama cha walei Wakatoliki kilichoitwa Legio ya Maria. Kazi ya wanachama wake ilikuwa kwenda wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kuwatembelea wagonjwa, waliolegea katika imani na wasioamini. Mwaka 1936 chama hicho kilimtuma Afrika Mashariki binti wa Kiayalandi, Edel Quinn, ambaye tayari alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akianzisha vikundi hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 36. Roma imempa cheo cha Mtumishi wa Mungu Anayeheshimiwa.

Vikundi vile vilimfundisha Mwafrika wa kawaida jambo ambalo mapadri wengi hawakuwa wamelikusudia: kwamba mwito wa kuwasaidia wengine wafikie wokovu haukuwa wa padri peke yake. Mkulima asiye na shahada aliweza kubisha mlango wa jirani na kuomba pamoja naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko wakaupokea mwito huo na kuuvusha mipaka. Aoko, mwanamke kijana aliyefiwa na watoto wawili, alihubiri dhidi ya uchawi na kubatiza umati wa watu katika Nyanza, jambo ambalo Kanisa Katoliki halikumruhusu mwanamke kulifanya. Kanisa jipya likazaliwa, likabeba jina la chama kilichoulea. Makao yake yakawa Got Kwer, Migori, ambako Ondeto alizikwa baada ya kufariki mwaka 1991 na ambako mahujaji wanaomwona kuwa Masihi aliyejidhihirisha kwa Waafrika humiminika hadi leo.

Kasisi Mkatoliki atakwambia hayo ni upotovu wa mafundisho, na ana haki ya kusema hivyo. Hata ndani ya Kanglikana mgawanyiko ulitokea: baadhi ya waumini wa Nyanza walijitenga miaka ya 1950 na kuunda kanisa la Johera, baada ya mvutano na watu wa Uamsho. Lakini wafuasi wa Legio Maria wanaishi majumbani mwao. Wanalima, wanavua, wanapeleka watoto shuleni, wanawania udiwani, wanaoa na kuolewa na wasio wa dini yao, na anayechoka huhama na kubaki jirani wa wale aliowaacha. Ugeni wa fundisho haukuwafanya hatari kwa mtu.

Kinyume chake, hatari inaweza kuvaa sura ya kawaida kabisa. Kanisa la Good News International la Bw Paul Mackenzie lilisajiliwa kisheria. Lilikuwa na jengo Malindi na mahubiri yake yalipeperushwa kwenye runinga. Mhubiri huyo alifikishwa kortini mwaka 2017 kuhusiana na watoto waliozuiwa kwenda shule, na mambo yakapita. Kufikia wakati makaburi ya msitu wa Shakahola, Kilifi, yalipoanza kufukuliwa Aprili 2023, watu walikuwa wamefunga chakula hadi kufa wakiambiwa hiyo ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Zaidi ya miili 400 ilitolewa, mingi ya watoto. Serikali ilifuta usajili wa kanisa hilo Mei 2023, makaburi yakiwa tayari yanafukuliwa. Bw Mackenzie alikana mashtaka ya mauaji na mengine aliyofunguliwa mwaka 2024. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, Kilifi hiyo hiyo.

Tukio moja la Shakahola lilistahili kuzungumzwa zaidi kuliko lilivyozungumzwa. Mnamo Juni 2023, watu 65 waliotolewa msituni walifikishwa mahakamani Shanzu wakishtakiwa kwa kujaribu kujiua, kwa kuwa walikataa chakula walipokuwa wakihifadhiwa. Serikali iliyowaokoa ikawa mshtaki wao. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, lakini unaacha pengo: polisi wafanye nini na mtu mzima anayesema kwa kinywa chake kwamba hataki kutolewa?

Jibu la serikali kwa miaka mingi limekuwa karatasi. Kanuni za mashirika ya kidini zilizotangazwa na afisi ya Mwanasheria Mkuu zilitaka, pamoja na mengine, wahubiri wawe na vyeti vya theolojia kutoka taasisi zinazotambuliwa. Makanisa yakapiga kelele na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru ziondolewe Januari 2016. Baada ya Shakahola, jopo lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi lilikabidhi ripoti yake kwa Rais William Ruto Julai 2024, likipendekeza sheria mpya na tume ya masuala ya dini. Kila mara msisitizo umekuwa nani anastahili kuhubiri.

Sikatai usajili. Kanisa linalokusanya sadaka lifanye hesabu zake kama chama kingine chochote cha umma. Lakini sharti la cheti lingemzuia Gaudencia Aoko na lisingemzuia mhubiri mwenye stashahada anayemwambia mgonjwa atupe dawa. Petro na Andrea nao, tukikumbuka kazi yao ya awali, wasingepita.

Tukirejea Rusinga, upo mfano usio wa kidini unaoangaza jambo hili, na naomba msomaji anivumilie. Kati ya 2012 na 2015, wanasayansi wa kituo cha icipe kilichoko Mbita, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na taasisi ya afya ya Uswisi, waliendesha mradi wa SolarMal kisiwani. Walipita boma kwa boma, zaidi ya nyumba 4,000, wakiweka mitego ya mbu inayoendeshwa kwa umeme wa jua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa takriban asilimia 30 katika nyumba zilizokuwa na mitego. Ila mitego ilikuja na balbu na mahali pa kuchaji simu, na wakazi wengi hawakuficha kwamba taa ndiyo iliyowavuta zaidi kuliko vita dhidi ya mbu.

Wahubiri wanaijua mbinu hiyo kuliko wanasayansi. Shule, zahanati, kisima, unga wakati wa njaa: vyote vimewahi kuwa taa iliyotangulia mtego. Sioni dhambi katika hilo iwapo anayepokea anajua anachopokea na anaweza kubaki na balbu hata akikataa mengine. Watafiti walilazimika kuomba ridhaa kabla ya kupigilia msumari ukutani. Mwenye nyumba angeweza kusema la na jirani zake wasimtenge. Mhubiri hatakiwi na sheria yoyote kuomba ridhaa ya maandishi, lakini maandiko yake mwenyewe yanamtaka aondoke asipokaribishwa. Mitume walipotumwa waliagizwa wakung'ute vumbi la miguu na kwenda kijiji kingine. Kijana tajiri aliyeondoka kwa huzuni hakufuatwa wala kufungiwa mlango. Anayejenga ua na kuwazuia watu ndani ameacha uinjilisti na kuingia kazi nyingine.

Pahali ambapo hili si nadharia ni katika afya. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulipata kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika Kaunti ya Homa Bay alikuwa akiishi na virusi vya ukimwi, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine zote, huku cha kitaifa kikiwa asilimia 4.9. Kwa watu hao dawa za kupunguza makali ni sawa na chakula. Mhubiri anayemwekea mgonjwa mikono na kumwombea anatumia haki yake. Akimwambia sasa umepona, usirudi kliniki, hapo anacheza na uhai ambao si wake, na mara nyingi familia huujua ukweli mgonjwa akiwa amekwisha kudhoofika. Hakuna cheti cha theolojia kinachopima hilo. Hupimwa na muuguzi anayegundua kwamba mtu aliyetarajiwa Jumanne hakuja.

Ndiyo maana nadhani maswali ya kumuuliza kiongozi yeyote wa kanisa ni ya kawaida mno kuliko yale ya jopo. Muumini akitaka kwenda kwao kumwona mama yake, anaomba ruhusa kwa nani? Simu yake iko wapi? Shamba aliuza kwa shauri la nani, na fedha zikaenda wapi? Watoto wa humo ndani husoma shule ipi na walichanjwa lini? Kwa mtu mzima majibu yanaweza kuwa ya kutatanisha, maana ana haki hata ya kuchagua maisha tusiyoyapenda. Kwa mtoto hayatatanishi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinaweka maslahi yake mbele ya yote, na hakuna mzazi wala mchungaji anayeweza kumfungisha kwa niaba yake. Serikali ingeanzia hapo, kwa watoto, ingefika Shakahola mwaka 2017.

Maswali hayo hayahitaji tume kuulizwa. Yanaweza kuulizwa na naibu wa chifu, mzee wa nyumba kumi, mwalimu mkuu anayeona dawati limebaki tupu, na zaidi ya wote wachungaji wenzake. Makanisa makubwa yamekuwa mepesi kutoa taarifa za kulaani baada ya maiti kufukuliwa, na mazito kumtembelea jirani wa dini yao anayezungushia waumini seng'enge. Wanahofia kuonekana wanamwonea wivu kwa ajili ya umati wake. Kama wito wao ni wa kuwasaidia watu wafikie wokovu, sioni ni kwa nini usiwahusu walio ndani ya ua ule.

Ufuoni Rusinga kuna utaratibu ambao hakuna aliyesomea chuoni. Kamati ya ufuo inajua mashua zake na vijana waliomo. Omena huvuliwa usiku, giza likiwa limeshika, na mashua hurejea alfajiri kina mama wakisubiri na beseni. Mashua isiporudi, hakuna anayengoja ripoti ya polisi. Jina la nahodha huulizwa kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, simu zikapigwa Mfangano, na kabla jua halijawa kali mashua nyingine imekwisha ingia majini kumtafuta. Wanaokwenda kutafuta hawaulizi kwanza alikuwa akisali Jumamosi au Jumapili.